Hodi ya Mwenye Nyumba

Nnalieleza hili kwa aibu. Chumba chetu cha Mkunazini kilikuwa wazi kwa yeyote: unaleta kompyuta mbovu, tunaifungua pamoja, unajifunza bure. Bure hiyo ndiyo iliyotufilisi. Basi mwenye nyumba, Bi Zuwena, alipopiga hodi, mimi mwenyekiti wa kikundi nilizima feni, nikawanyamazisha wenzangu, nikaingia chini ya meza. Akapiga ya pili, na ya tatu. Nilijua ataondoka, maana hodi ya tatu isipojibiwa ndiyo adabu.

Badala yake akaita taratibu, "Seif."

"Naam," nikaitika. Ndivyo nilivyolelewa, mdomo haukuningoja.

Akasukuma mlango, redio kwapani. "Toka, mwanangu. Nimekuja mnitengenezee hii, iwe ndiyo kodi ya mwezi huu."

"Shikamoo," nikaiambia miguu yake.