Mama Mkwe Alipotaka Kukaa Juu ya Maji

Mama mkwe wangu alikuwa ameliangalia ziwa maisha yake yote bila kuligusa. Shamba lake la kahawa lilikuwa juu mlimani, upande wa Tarime, na asubuhi za baada ya mvua, ukungu ukishaondoka, ziwa lilionekana mbali kule magharibi, jembamba na jeupe kama kitambaa kilichoanikwa. Alikuwa na tabia ya kuacha kuchuma, akasimama na kikapu chake kiunoni, akaangalia huko mpaka mimi nimfikie kwenye mstari wake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, kabla operesheni ya vijiji haijatufikia huku juu. Mimi nilikuwa mke mpya katika boma lake. Yeye alikuwa mjane wa siku nyingi, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa, na kahawa ya mwaka ule ilikuwa imelipa vizuri. Siku moja tukiwa tunachuma aliniambia, bila kugeuka, kwamba anataka kupanda meli.

Nikamwuliza anakwenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu," akasema. "Nataka nikae juu ya maji, nipikiwe, halafu nirudi."

Kisha akanigeukia. "Nyie wa Natta mmewaona watu wanaosafiri bila msiba. Wanafanyaje?"

Ilikuwa kweli. Nilizaliwa Natta, na baba yangu alifua mashuka katika kambi ya watalii karibu na hifadhi. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimpelekea chakula, na nilishawaona wageni wakimaliza kuangalia simba, wakakaa mezani na kutandaza karatasi zenye picha za meli nyeupe. Walikuwa wanapanga kwenda baharini baada ya kutoka kwetu. Mama mmoja wa Kizungu alibishana na mumewe saa nzima, kila mmoja na karatasi yake. Nilimwuliza mpishi wanagombana nini, akanieleza kwamba wanalinganisha: meli hii ina chakula kizuri, ile ina vitanda vipana, nyingine inasimama kwenye miji mingi.

Nikamweleza mama mkwe hivyo. Alinisikiliza kwa makini, kama mtu anayefundishwa dawa.

"Basi na sisi tutalinganisha," akasema.

Neno "sisi" ndilo lililonifanya nishindwe kulala. Nilikuwa sijawahi kupanda chochote chenye kuelea.

Habari zilienea kabla hata hatujamaliza kuanika kahawa ya wiki ile. Jirani mmoja alikuja na unga na kuku kwa sababu aliposikia safari alijua kuna aliyefariki, na ilikuwa kazi kumfanya arudi na kuku wake. Balozi wetu wa nyumba kumi naye akaja, mzee mpole aliyependa kufahamu kila mgeni anayeingia na kila mwenyeji anayetoka.

"Safari ya kazi gani, mama?" akauliza.

"Ya kupumzika."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ndiyo maana naenda sasa."

Balozi alimaliza uji wake. Kisha akasema hajaona ubaya wowote katika jambo hilo, ila mama mkwe akirudi amweleze kama ni kweli meli ina choo ndani.

Kazi ya kulinganisha ilianza na mdogo wake mama mkwe. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na siku hizo watu walivuka kwenda na kurudi kama wanaokwenda kisimani. Nchi zetu tatu zilikuwa bado zinashirikiana katika meli za ziwani, na yeye alikuwa ameshapanda ile kubwa iliyotoka Kisumu. Alipokuja kututembelea aliisimulia huku akisimama na kukaa. Ilikuwa nyeupe yote. Ilikuwa na ngazi ndani kama nyumba ya ghorofa. Daraja la pili mlipewa chumba chenye vitanda na sinki ya kunawia, na chakula kililetwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

"Dada, ukiipanda ile nyingine utajuta," akasema. "Ile ndogo ni ya mihogo."

Ile ndogo ilikuwa na mtetezi wake Tarime mjini. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu aliyezaliwa pwani, aliyetushonea nguo miaka yote. Tulikwenda siku ya soko na kitambaa cha kushona magauni ya safari, na mama mkwe akamwuliza habari za meli wakati anapimwa mabega.

"Mama, ile kubwa ni nzuri kwa mtu mwenye haraka," fundi akasema. "Unaingia, unafungiwa chumbani, unafika. Lakini wewe umesema unataka kuona maji. Ile ndogo inapita visiwani, inakwenda polepole, na unakaa pale mbele, maji yako hapa." Akaonyesha chini ya goti lake. "Mimi nililetwa huku na hiyo. Sijasahau."

"Inanuka samaki?"

Fundi akaacha kupima. "Inanuka kidogo," akakubali.

Mama mkwe alikunja uso. Huku kwetu mlimani watu wengi hatukuzoea samaki, na yeye hata dagaa wakikaangwa kwa jirani alifunga mlango.

Njiani kurudi tulibishana kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mimi nilikuwa nimeshaipenda ile kubwa, na usiku niliota koti jeupe na ngazi. Yeye hakusema anataka ipi. Alisema hajawahi kununua ng'ombe ambaye hajamwona, na meli pia hatainunulia tiketi bila kuiona.

Kwa hiyo tulikwenda Musoma mapema, siku kadhaa kabla ya safari yenyewe. Mume wangu alikuwa karani katika ghala la pamba huko na alikuwa na chumba cha kupanga. Tulipanda basi Tarime alfajiri, na tulipofika Kirumi basi likashuka kwenye pantoni kuvuka Mto Mara. Abiria walishuka na kusimama pembeni. Mama mkwe alishika kamba ya pantoni kwa mikono miwili, na ule mtikisiko wa kwanza ulipokuja alinitazama, uso wake umefunguka kabisa.

"Tunaelea," akasema.

"Tunaelea, mama."

Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa ndizi alituuliza kama ni mara yetu ya kwanza. Mama mkwe akamjibu kwamba huu ni mwanzo tu, tunakwenda kuchagua meli.

Mume wangu alipotuona alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Yeye shauri lake lilikuwa tupande yoyote itakayotangulia. Mama yake akamwambia alale, kesho atatupeleka gatini.

Meli kubwa ndiyo tuliyoiona kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya mama mdogo, lakini hayakutosha. Iliingia taratibu, nyeupe kuliko ukuta wa kanisa, ikapiga honi mpaka nikahisi sauti kifuani. Watu gatini walikuwa wanapunga mikono kwa watu wasiowajua, na mimi nikapunga. Mume wangu alikuwa anafahamiana na mmoja wa makarani wa bandari, na kwa kupitia huyo tuliruhusiwa kupanda na kuangalia kwa muda mfupi wakati wa kupakia.

Mama mkwe aliingia kwenye meli ile kama anavyoingia kwenye boma la watu wanaotaka kuoa kwake. Alibonyeza godoro la daraja la pili. Alifungua bomba la sinki, akafunga, akafungua tena. Aliomba kuona jikoni, na kijana wa koti jeupe, baada ya kusitasita, akatupeleka. Aliangalia masufuria, akaangalia kucha za mpishi, akaniambia kwa Kikurya kwamba hapa anaweza kula. Nikadhani ameshachagua. Lakini tulipotoka nje akaenda kwenye ukingo, akainama, akaangalia chini kwa muda mrefu. Maji yalikuwa mbali sana, kama unaangalia kutoka juu ya paa.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nyumba nzuri."

Nilijua kuna kitu hakijamridhisha, na jioni yote nilimsifia ile meli mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa kuuza tiketi.

Ile ndogo ilikuja siku iliyofuata. Ilikuwa na rangi iliyobabuka na bomba jeusi la moshi, na mbuzi wamefungwa nyuma. Harufu ya samaki wakavu ilitufikia kabla haijatia nanga vizuri. Nikafurahi kimyakimya, nikidhani mashindano yamekwisha. Mama mkwe akavuta kitenge puani na kupanda. Jiko lilikuwa dogo, na mpishi alikuwa mtu mnene aliyemwamkia, "Shikamoo mama," akampa kiti kabla ya kuulizwa chochote. Hapakuwa na vyumba ila viwili vitatu vya watu wenye pesa. Wengine wote walikaa kwenye mabenchi.

Akaenda mbele. Palikuwa na benchi pale, na ukingo wa chini, kama fundi alivyosema. Aliketi. Baharia mmoja kijana alikuwa anateka maji ziwani kwa ndoo yenye kamba ili aoshe sakafu.

"Mura," mama mkwe akamwita, kama Wakurya wanavyowaita vijana, "niletee hiyo ndoo."

Kijana akaileta. Mama mkwe alikunja mkono wa gauni jipya, akaingiza mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, akaacha hapo. Kijana alisimama akingoja ndoo yake, na mimi nikasimama, na kitenge kilikuwa kimemwanguka puani bila yeye kujua.

Tukiwa tunateremka nilimwambia, kwa sauti ndogo kwa sababu ya adabu, kwamba mimi bado naitaka ile kubwa.

"Najua," akasema. "Umeitamani kama gauni. Tutakwenda na hii mpaka Mwanza, na kurudi tutarudi na ile. Wale wazungu wako wa Natta hawakufikiria hivyo?"

Karani wa tiketi alituuliza mara mbili kama tuna hakika. Hakuwahi kumwona mtu anayetaka kwenda na ile ya mihogo kwa kupenda. Ya kurudi alisema tutakatia Mwanza kwenyewe. Mume wangu alitusindikiza na mkate, kanga ya mama ya kujifunika, na mashauri mengi ambayo hakuna aliyeyafuata.

Safari ile ya kwenda naikumbuka kwa vipande. Mama mkwe hakuondoka kwenye benchi la mbele isipokuwa kula. Mpishi alimpelekea maharage na wali mahali pake, bila samaki, na yeye alikula taratibu akiangalia visiwa vikija na kupita. Kila kisiwa aliuliza wanalima nini huko. Upepo ulipozidi na meli ikaanza kupanda na kushuka, mimi nilitapika na kuinamia ukingo, na yeye akanishika mgongo huku akicheka kwa furaha, kisha akaomba radhi kwa kucheka, kisha akacheka tena. Tuliposimama Ukerewe wanawake walipanda na machungwa, na mmoja akamwuliza anakwenda kwa nani Mwanza.

"Nakwenda na huyu," akasema, akinionyesha mimi. Sikuwahi kujivuna vile.

Asubuhi tukaiona Mwanza na mawe yake makubwa yaliyosimama majini, moja juu ya jingine. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya mji na maji mbele yetu yalikuwa yanawaka. Tulishuka, tukanywa chai ya maziwa karibu na bandari, na nikaenda kuuliza habari za meli kubwa ya kurudi.

Karani alikuwa msichana wa rika langu. Alisema itakayokwenda moja kwa moja Musoma haitafika mpaka wiki inayofuata. Iliyoko gatini sasa hivi inazunguka ziwa kwa upande mwingine: inakwenda Bukoba, inapita Uganda, inafika Kisumu, na ndipo inarudi Musoma. Niliona jina la kila mji kwenye ubao nyuma yake, limeandikwa kwa chaki. Akaniambia watu wengi wanachagua kungoja kwa ndugu zao.

Nikarudi kwa mama mkwe na kumweleza. Nilijaribu kuongea kama mtu mzima asiyejali, lakini nilikigonga kikombe chake, chai ikamwagika.

"Hiyo ya kuzunguka," akasema, "ndiyo ile nyeupe?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Ya ngazi."

Alifungua fundo la kanga alipoweka pesa zake, akanipa, akafunga tena bila kuangalia zimebaki ngapi.

"Kahawa iko kwenye miti, haiendi popote," akasema. "Kimbia kabla hawajafunga dirisha. Na umwambie tunataka chumba chenye sinki."

Nilikimbia. Viatu niliviacha pale chini ya meza, na niliporudi na tiketi mkononi alikuwa ameshavishika yeye, amesimama, kikapu kichwani, anaangalia ngazi ya meli ikiteremshwa.