Siku Tulipomponya Kambo

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka natazama chini, ingawa wengi waliokuwapo wamekwisha kufa. Nilikuwa kijana, kiongozi wa kikundi cha maombi cha parokia yetu huku mtaa wa Makomeno, na nilikuwa na kiburi ambacho nilikiita imani.

Tuliishi na Kambo Numbi, bibi yangu mzaa mama; kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, hakuona hata jua. Lakini ua letu na njia ya ndani ya kanisa alivijua kwa miguu. Kwingine kote, alipotoka, jirani yeyote alimshika mkono, awe muuza makaa au mtoto wa shule. Ndivyo tulivyozoea mtaani. Kipofu wa nyumba moja aliongozwa na wote.

Jumapili hiyo tulimweka mbele, tukamwekea mikono, tukaimba mpaka jasho likatutoka. Kisha nikamwuliza, kanisa zima likisikia, kama anaona. Akaikaza mkononi fimbo yake ya kutembelea. Nikamwuliza tena kwa ukali kidogo. Akajibu polepole kwamba anaona. Watu wakapiga vigelegele, nami nikaichukua fimbo yake, nikaivunja gotini, nikamwambia atembee. Akatembea mpaka mlangoni bila kukosea. Nilijua ni mazoea ya miaka yanayomtembeza, mwanangu. Nilijua, na nikapiga makofi kuliko wote.

Ya kesho yake hatukuyafikiria. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshika mkono tena, maana kumwongoza mtu aliyeponywa kungekuwa kumtilia Mungu shaka, na nani angependa kusemwa hivyo? Walimsalimu kutoka mbali wakimsifu Bwana, naye akipapasa ukuta. Siku moja mama alikwenda sokoni. Kambo akatafuta chungu peke yake, akaweka kiganja kwenye makaa ya mbabula, lile jiko letu la mkaa.

Nilikuwa namfunga kitambaa kwenye kile kiganja kilichoungua aliposema. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

“Mutoto wangu, ile siku sikuona kitu. Niliogopa kukupatisha haya mbele ya bantu. Ule kipofu wa mu Injili, Yesu alimukamata kwanza ku mukono, akamupeleka inje ya muji. Njo akamuuliza kama anaona. Ule muntu akasema anaona bantu sawa miti, na Yesu hakukasirika, akamugusa tena. Weye uliniuliza mbele ya kanisa nzima. Ningejibu nini?”

Nililia, nikamwahidi kwamba Jumapili ijayo nitasema ukweli. Na kweli siku ilipofika nilimshika mkono njia nzima. Lakini tulipokaribia mlango wa kanisa, niliwaona wenzangu wa kikundi wamesimama wanatungoja, na mkono wangu ukalegea. Kambo aliusikia. Akauachia mwenyewe ili nisiaibike, akaingia peke yake, huku watu wamejaa njiani, akajigonga kwenye benchi. Nyuma yangu wakanong’ona kwamba imani yake imepungua. Mimi nilikaa, nikafungua kitabu cha nyimbo.

Hata siku tulipomzika walisimulia alivyoponywa. Nikaitika amina pamoja nao.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba Bwana hafungui macho. Nimesali maisha yangu yote nikiamini anafungua. Lakini tazama alivyofanya: yule kipofu wa barabarani alimwuliza kwanza anataka nini, na yule aliyefukuzwa katika sinagogi kwa sababu ya kuponywa kwake, alimtafuta. Uponyaji wake ulimrudisha mtu kwa watu. Wetu ulimnyang’anya Kambo watu wake, akabaki na giza na sifa.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukitaka kumwombea mgonjwa, mwombee, na uombe kwa moyo wote. Ila mshike mkono kwanza, umwulize pembeni, na akikuambia bado haoni, mwamini, wala usimwonee haya. Muujiza unaohitaji mgonjwa aseme uongo ni wa kwetu sisi, si wa Bwana.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao pale mlangoni. Nenda na baraka zangu, na za Kambo pia, kama atakubali zipitie kwangu.