Mkonga wa Baba

Mama alipohama chumba cha Baba hakwenda kwao. Alikuja kwangu. Akachukua kitanda changu, nami nikapewa mkeka, mtoto mzima wa kidato cha tatu.

Kosa lilikuwa la pua ya Baba. Kukoroma kwake Mama alishakuzoea. Kilichomtisha ni Baba kunyamaza ghafla katikati ya ngurumo, pumzi hakuna, mpaka Mama amtikise. Mchana mtu huyohuyo anasinzia dukani kwake Usagara huku akimpimia mteja kitambaa. Hospitali wakamfunga nyaya, wakamlaza, wakasema pumzi inamkatika usingizini. Akapewa mashine inayopuliza hewa kwa bomba refu mpaka kwenye barakoa ya puani. Mimi nikaiita mkonga.

Baba akaivaa kidogo tu, akaivua. Ati hawezi kulala huku anajazwa upepo kama mpira. Hapo ndipo Mama alipobeba mto wake. Alimwambia atarudi siku mkonga utakapovaliwa, yeye hakuolewa awe mlinzi wa zamu. Lakini usiku nilimsikia akigeuka kitandani, sikio ukutani.

Daktari akashauri Baba aizoee mchana, akiwa amekaa. Basi Ijumaa moja, baada ya wali, akakaa kwenye kochi na mkonga wake akitazama mpira. Mama akapita, akamkumbusha kwamba bomba la jikoni linavuja tangu Ramadhani. Baba akafungua mdomo ajitetee. Hewa yote ikamtokea mdomoni, fuuuu, kama tairi la baiskeli lililochomwa msumari. Neno halikutoka hata moja.

Mama akasimama. Akajaribu tena, safari hii kuhusu dada yake Baba, yule anayekaa Mabawa, aliyeazima sufuria kubwa ya pilau na hajairudisha. Fuuuu. Mimi nikajificha nyuma ya pazia nisije nikafia sebuleni kwa kicheko.

Mama akavuta kiti, akakaa vizuri. Wallahi sijawahi kumwona na raha vile. Alianzia mambo ya harusi yao. Baba akapeleka mkono kwenye barakoa, Mama akaushika.

"Ivue," akamwambia taratibu, "nami nibaki kwa mwanao mpaka uzeeni."

Baba akanitazama pale kwenye pazia. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila mkono aliushusha. Mama akaendelea kumsomea mashtaka: mawifi, rangi ya ukuta, shemeji wa Pangani. Alipofika kwa shemeji, Baba alikuwa ameshalala, mdomo umefungwa, hakoromi.

Mama akasogeza kiti. Akamwinamia, akasikiliza. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena bila kukwama. Alikaa hivyo mpaka mpira ukaisha, na aliponigeukia macho yalikuwa na maji.

"Kaniletee mto wangu," akasema.

Nilileta mto, shuka, kanga zake zote na ndala, asije akaghairi.