Kitenzi Kilichobandikwa kwenye Korona

Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Ina uchachu, ina uzito, na hukaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Mwaka nilipokuwa darasa la sita, harufu hiyo ilianza kupungua kwenye kambi yetu ya wafanyakazi wa mkonge, nje ya Muheza, na kila asubuhi watu wazima walitoka nje, wakainua pua kunusa hewa. Korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ulinguruma siku mbili kwa wiki, kisha moja. Halafu karani wa kampuni akabandika karatasi kwenye mlango wa jengo la mtambo huo, akapanda pikipiki na kuondoka bila kusubiri maswali.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Barua za Kiingereza pale kambini nilizisoma mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani, na watu waliniita Mwalimu hata mbele ya mwalimu mwenyewe. Wakanisimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilielewa nyumba, nilielewa wafanyakazi wote, nilielewa mwisho wa mwezi. Katikati kulikuwa na kitenzi kimoja nisichokijua: vacate.

"Mwalimu, leo umekwamwa na mwiba wa samaki?" akauliza Mama Yohana, jirani yetu mjane, na watu wakacheka.

Niliona aibu. Kila mwaka kabla ya Krismasi kambi nzima ilipaka nyumba chokaa, na huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nikasema tunatakiwa kusafisha nyumba zote kabla mwezi haujaisha. Waliniamini haraka kuliko nilivyotarajia. Baba akanishika bega kwa fahari.

Kesho yake chokaa ikalowekwa kwenye mapipa. Wanaume walifyeka nyasi, wanawake wakachovya brashi za katani, na kuta zikawa nyeupe hadi zikaumiza macho. Korona sasa ilikuwa kimya kabisa, na tulizisikia brashi zikikwaruza kuta kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Wiki hiyohiyo niliomba kamusi shuleni. Kitenzi kile, ilisema, maana yake ni kuondoka mahali na kupaacha patupu. Asili yake ni Kilatini, kwenye neno la utupu. Hutumika kwa kiti, kwa chumba cha hoteli, kwa nyumba. Nilisoma mara tatu, nikaifunga kamusi, nikanyamaza siku tisa.

Siku ya sita ya ukimya wangu, kaka yake Mama Yohana alikuja kutoka mjini. Alikuwa amempatia dada yake chumba, na mwenye chumba alitaka jibu siku ileile.

"Niondoke wakati kampuni inataka tutunze nyumba?" Mama Yohana alimjibu. "Muulize Mwalimu huyu."

Nilikuwa nimemshikia ndoo ya chokaa. Nikaitikia kwa kichwa.

Zilipobaki siku mbili nilimwambia baba. Alikuwa akipaka ukuta wa nyuma. Hakunipiga. Alisema tu, "Rudia maana yake, mwanangu." Nikarudia. Akachovya brashi, akamalizia kipande kilichobaki, kisha akaenda kugonga mlango mmoja mmoja.

Chumba cha mjini kilikuwa kimeshachukuliwa. Trekta la kampuni lilipokuja kutuhamisha, mahindi ya vuli yalikuwa bado mabichi, na Mama Yohana alilala na wanawe watatu kwenye baraza la kanisa mpaka mvua zilipokatika. Hakuniita Mwalimu tena. Aliniita kwa jina langu, kwa upole, na upole huo sijauzoea hadi leo.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Mabawa, naandika riwaya, nina kamusi nne. Nilipohamia hapa mwenye nyumba alinipa mkataba wa Kiingereza, na kitenzi kile kilikuwa ukurasa wa pili, kimetulia kati ya maneno mengine. Akaniuliza, "Umeelewa kila kitu, dada?" Nikasema nimeelewa, nikatia saini. Akafurahi, akanikabidhi ndoo ya rangi nyeupe, zawadi yake kwa kila mpangaji mpya. Bado ipo chini ya kitanda, haijafunguliwa.