Kipimo cha Memori

Memori ya kompyuta niliijulia edani. Wanaume wawili, mmoja shemeji yangu na mwingine fundi wa Lindi mjini mwenye duka na bango, walishindwa na kitu ambacho mjane wa darasa la saba alikielewa akiwa amekaa nyuma ya pazia.

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa ghala la korosho. Mambo yalipobadilika na ghala likapata wenyewe wapya, akapunguzwa kazi. Akaanza kuagiza vipande vya kompyuta Dar es Salaam, basi hili likileta kimoja, basi lile kingine, akaiunga mwenyewe sebuleni kwetu Mingoyo. Alichapia watu barua za kuomba kazi ambazo hazikuwepo. Siku moja alipata maikrofoni akajirekodi, akaniita na mimi niseme neno. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani. Ilikuwa humo.

Alipofariki, watu wa msiba waliondoa kila kitu sebuleni ili wapate pa kukaa. Kompyuta wakaitupa kwenye banda la jiko, siku tatu, katika mvuke wa masufuria ya pilau. Walikula vizuri sana. Ilipoondoka mikeka tukairudisha na kuiwasha. Kioo kikabaki cheusi, mashine ikalia piii, piii, piii. Angalau yenyewe ililia. Wako waliokaa siku zote tatu na sikuwaona hata na jicho jekundu.

Shemeji, mdogo wake marehemu, akamleta fundi. Nikiwa edani sikutakiwa kuonana na wanaume, na shemeji naye, wakaniambia, ni mwanamume anayeweza kunioa, kwa hiyo akawekewa pazia. Nilicheka peke yangu. Mtu ambaye hata mbuzi akimfunga hafungiki.

Fundi alifungua mashine, akapekua, akatamka kama hakimu:

"Pole, mama. Kumbukumbu ya kompyuta imekufa."

"Yaani vyote vilivyomo vimepotea?" shemeji akauliza.

"Si nimesema kumbukumbu? Ikifa hiyo, basi tena."

Nikakumbuka jinsi marehemu alivyonieleza. Yeye aliiita memori tu, na alisema ni meza: unatandaza kazi juu yake, umeme ukikatika meza inabaki tupu. Vitu vyenyewe vinakaa kwenye diski, na hiyo ndiyo kabati.

"Fundi," nikasema kutoka nyuma ya pazia, "meza ikivunjika, nguo za kabatini zinaharibika?"

Nikamsikia akimnong'oneza shemeji, "Msiba umemzidia huyu."

Nikaomba hiyo memori iliyokufa, shemeji akaipenyeza chini ya pazia. Ilikuwa kama rula fupi. Ukingo wake mmoja ulikuwa na meno ya rangi ya dhahabu, yenye mapengo mawili. Upande huu vidude vyeusi vinane, upande ule vinane.

"Tutapata nyingine," fundi akasema. "Siku hizi soko huria, mama. Kila kitu kipo."

Kila kitu kilikuwepo kweli, isipokuwa tulichokitaka. Basi lilikwama kwenye tope Kiranjeranje, na lilipofika, memori ilikuwa mpya inayong'aa.

"Hii ni ya kisasa zaidi," fundi akajisifu. "Kasi yake mara mbili."

Baadaye nikasikia kwaru, kwaru, kwaru.

"Shemeji, anakata nini huyo?"

"Ina pengo moja, shemeji. Anaiongezea la pili."

Siku ya maziko bwana mmoja alihutubia kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Nikadhani huo ndio ulikuwa upuuzi wa mwisho wa mapengo, kumbe bado kuna mtu wa kuja kuyachonga kwa msumeno. Memori yenyewe haikuingia.

Ya pili ilikuwa na mapengo mawili. Iliingia vizuri, na mashine ikalia vilevile. Fundi akasema basi ugonjwa uko kwenye mashine yote, niiuze, na yeye yuko tayari kuichukua. Nikaomba niione hiyo memori. Vidude vilikuwa upande mmoja tu. Upande wa pili mtupu kama kiganja. Baadaye niliambiwa kwamba mashine za zamani kama ile hazizisomi memori za namna hiyo. Siku ile sikulijua hilo, na sitajifanya nililijua. Nilichoona ni kwamba hazifanani.

Kwetu ukimwagiza mtu viatu unampa kipimo: unakata ubua sawa na mguu wako, anaondoka nao. Nikailaza memori iliyokufa juu ya jalada la daftari, nikaizungusha penseli, pande zote mbili, mapengo mahali pake, vidude vinane na vinane. Nikanakili herufi na namba zake zote bila kuelewa hata moja. Nikakata kwa mkasi, nikampa shemeji.

"Shemeji," akasema, "hii memori au kandambili?"

"Kandambili ungeniletea za mguu mmoja. Nenda Dar mwenyewe, fundi usimpe. Muuzaji akikwambia ana nzuri zaidi, mwambie hatutaki nzuri. Tunataka inayofanana."

Alirudi baada ya siku tisa na kitu chenye vumbi, kilichotolewa kwenye mashine ya mtu mwingine.

"Mtumba," fundi akaguna.

Lakini iliingia. Mashine ikalia mara moja tu, pii, kisha nikaona mwanga wa kioo chini ya pazia. Nikamwelekeza fundi rekodi ilipo, akaibonyeza.

"Haloo. Haloo. Moja, mbili." Ni yeye, lakini mbali, kama mtu anayeita kutoka uani. "Njoo na wewe useme neno basi."

Kisha ikaja sauti yangu, karibu na kubwa, imejaa sebule nzima:

"Niache na upuuzi wako, maharage yanaungua!"

Kikasikika kishindo cha sufuria, ikaisha.

Kwa miezi miwili nilikuwa nimewasimulia wanawake waliokuja kunipa pole kwamba siku ile nilimjibu maneno mazuri. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa nimeshaamini. Sasa wanaume wawili walikuwa wamesikia nilivyomjibu, na sauti ya marehemu mwenyewe ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Shemeji akakohoa.

"Mama," fundi akasema, "humu ni maharage tu. Nifute tupate nafasi?"

"Thubutu," nikamwambia. "Rudia. Tangu mwanzo."