Salamu za Laini ya Rangwi

Mwaka ule tulikula yanga, ule unga wa njano wa msaada, ugali wake unanuka gunia lililolowa. Hata mbwa wangu aliunusa akaniangalia mimi. Nilikuwa opareta wa simu Lushoto, na darasa la nne langu hilohilo, mwanamke peke yangu mbele ya mtambo. Mjukuu wangu leo analipwa kuzifanya kompyuta za ofisi mbalimbali zielewane, anadhani kazi hiyo imezaliwa naye. Mimi niliifanya kwa waya na vidole: hospitali ya Bumbuli huku, vijiji vya ujamaa kule, mimi katikati.

Akaja kijana wa mipango na mchoro wake. Vijiji vyote vya upande wa Rangwi akavianika kwenye laini moja, kama nguo. Kila kijiji kiseme haja yake upesi, nikikate, kingine kiingie. Salamu marufuku.

"Mama, simu si baraza," aliniambia. Shikamoo yenyewe hakunipa. Nilijisikia kama nimelambwa na mjusi.

Sasa Mshambaa gani atakutajia shida yake kabla hajauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mvua huko ikoje? Ukimkata katikati anapiga tena, na anaanza mwanzo, maana salamu iliyokatika haihesabiki. Basi laini ikajaa watu wanaosalimia upya. Kijana akaona imejaa, akaamuru tukate mapema zaidi. Kichefuchefu kitupu.

Asubuhi moja nilitoka kunywa maji, akakaa yeye mtamboni. Niliporudi alikuwa ameshamkata mzee mmoja wa Rangwi mara mbili, na mzee anapiga tena. Nikapokea mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

Kijana alisimama kisogoni kwangu, ananuka sigara. "Kata."

Mzee akaulizia watoto. Sauti ilimtetemeka, na nyuma yake wanawake walikuwa wanahangaika.

"Kata, nimesema."

Nikaziba simu kwa kiganja. "Sikati salamu ya mtu mzima."

Mzee akamaliza, ndipo akalitoa: mke wa mwanawe ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, anaomba gari. Nikachomeka waya wa Bumbuli palepale. Gari likaenda. Mama na mtoto walipona.

Kijana hakuuliza hata kama wamepona. Alinipeleka kwa bwana posta, mkuu wangu wa kazi, niahidi mbele yake kwamba kuanzia kesho nakata, la sivyo nikashike jembe.

"Jembe ninalo," nikamwambia.

Bwana posta, mtu wa watu, akanibembeleza. "Dada, mkubalie tu yaishe. Unasemaje?"

"Sikati salamu ya mtu mzima."

Kijana akajifanya hajasikia. "Unasemaje?"

"Sikati salamu ya mtu mzima."