Kabichi Zilizokataa Kufunga

Mimi nilizaliwa kwenye joto. Baba yangu aliletwa Kilosa na kazi ya mkonge, na nyumba tuliyokulia kambini ilikuwa ya bati, ya kumkaanga mtu mchana kutwa. Kwa hiyo nilipoolewa na kijana wa Lumuma, kule juu milimani, shoga zangu walinicheka wakaniambia ninunue blanketi kabla sijanunua sufuria. Sikununua. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa bondeni, penye mfereji wa maji na migomba ya kukinga upepo, na miaka ya mwanzo ile baridi waliyonitisha nayo wala sikuiona.

Halafu tukahamishwa. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Redioni walisema watu waishi pamoja ili wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Sisi wa bondeni tulipandishwa kwenye tambarare iliyo wazi, kando ya barabara, mahali pasipo na mti hata wa kufungia mbuzi. Lori lilibeba milango, vyungu na wazee. Nyuma yetu mgambo walibaki wakibomoa nyumba ili mtu asije akarudi. Mama mkwe alikaa juu ya kinu chake garini, akatazama mbele tu, hakugeuka.

Mwaka ule mvua zilikuwa za kubahatisha. Mahindi tuliyopanda kwenye kijiji kipya yalitoa magunzi yasiyo na punje. Mume wangu akashuka Ruhembe kutafuta kibarua cha kukata miwa. Aliondoka akisema, "Nikipata tu, nitawatumia kitu." Tukabaki nyumbani mimi, mama mkwe, na binti yangu ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimemwachisha ziwa.

Bwana shamba alipita akagawa mbegu za kabichi na nyanya. Alisema kipupwe ndio msimu wa mboga, wadudu ni wachache na jua si kali. Kwa miaka mingine alisema kweli. Tuliatika miche kwenye kitalu, tukailima bustani chini kidogo ya nyumba, tukapandikiza. Maji tuliyachota korongoni, mwendo wa kushuka mikono mitupu na kupanda na ndoo kichwani, naye mtoto mgongoni. Miche ilishika vizuri. Jioni moja mama mkwe alisimama katikati ya matuta, akasema, "Mwanangu, hizi zikifunga, tutakula na kuuza." Lilikuwa neno lake la kwanza la furaha tangu tuhame, nami nililala nikilitafuna kama kipande cha muwa.

Upepo ulianza mwezi wa sita. Bondeni tulikuwa tunausikia unapita juu yetu, kwenye vilele, kama kelele za majirani. Sasa tulikuwa ndani yake. Ulikuja asubuhi na vumbi, mchana ukazidi, jioni ukageuka baridi ya kuuma masikio. Udongo ulikauka kabla ndoo haijaisha kumwagwa. Majani ya kabichi yalichanika kingo, yakawa magumu kama ngozi, na katikati, pale palipotakiwa kufunga, palibaki wazi.

Tulijenga uzio wa mabua. Ukaangushwa. Tukajenga tena, tukafunga kwa kamba za magome, ukaangushwa tena, safari hii ukazilalia nyanya na kuzivunja. Nilichukua kanga zangu za harusi nikazitandaza juu ya matuta, nikazibana kwa mawe. Asubuhi niliikuta moja imenasa kwenye miiba ng'ambo ya korongo, imechanika katikati. Ya pili sikuiona tena.

"Umemvisha upepo," mama mkwe aliniambia. Hakuwa anatania.

Sisi wawili tuliongea Kiswahili, kwa sababu lugha ya kwao sikuijua sawasawa. Alipokasirika alirudi kwenye lugha yake, nami nilibaki nabahatisha. Siku zile aliisema mara nyingi, akiwa peke yake bustanini, ameinama juu ya tuta. Nilidhani anasali. Siku moja nikasogea nikasikia neno moja nililolijua: alikuwa anaomba radhi. Sikujua anamwomba nani.

Chakula kikapungua. Tulipata unga wa njano wa msaada, uliokuwa unagawiwa kijijini, lakini mboga ya kuusukumia ilikuwa chumvi na maji. Mtoto alianza kukohoa, kikohozi kikavu kilichomkunja tumbo. Nyumba yetu mpya ilikuwa ya fito, haijakandikwa vizuri, na upepo uliingia ukatoka kama mwenye nyumba. Nilimfunga kifuani mwangu mchana kutwa, nikachota maji hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilitoka korongoni nikamkuta mama mkwe amepanda juu ya kinu, anavuta nyasi za paa kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaufungua upande mzima wa jikoni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafunika kabichi."

"Nyumba inapitisha upepo, mtoto anakohoa, nawe unaezua?"

Alishuka na mzigo wa nyasi kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. "Mtoto ana mgongo wako," alisema. "Hizi zina nani?"

Niliweka ndoo chini nikazishika zile nyasi. Naye hakuziachia. Tulivutana, mimi na mama wa mume wangu, mbele ya nyumba, kama watoto wanaogombania mdoli, mpaka nyasi zikakatika na upepo ukazichukua. Aliketi chini. Nami nikaketi. Mtoto akakohoa. Nililia kwa sauti, bila aibu, na jirani aliyekuwa anapita barabarani akaharakisha mwendo.

Siku chache baadaye upepo ulitulia, nasi tukashukuru. Badala yake ulikuja ukungu. Ulitanda tangu alfajiri, ukaloweka kila kitu, jua hatukuliona. Nyanya zilizosalimika zilikuwa na matunda mabichi ya kutosha kijungu. Zikatokea madoa meusi kwenye majani, kisha kwenye shina, na kabla ya siku ya soko bustani ilinuka kama kitu kilichopikwa kikachacha. Ugonjwa wenyewe nao huitwa ukungu. Nilichuma zile mbichi ambazo hazijaingia weusi, nikazichemsha kwa chumvi. Zilikuwa chachu kiasi cha kutoa machozi. Mtoto alitema. Mama mkwe alikula sehemu yake yote, polepole, akanyanyuka akachukua kapu.

"Nakwenda nyumbani," alisema.

Nilielewa ni nyumbani kupi. Kurudi bondeni kulikatazwa. Waliokutwa huko walirudishwa na mgambo na kusemwa mkutanoni kwamba wanahujumu maendeleo. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Basi baki wewe uendelee." Nilimfunga mtoto mgongoni nikamfuata.

Kule bondeni upepo haukuwepo. Hilo ndilo lililonivunja. Tulishuka tukapita ile kona ya mwamba, na ghafla masikio yakanyamaza. Nyumba ilikuwa kifusi cha udongo mwekundu. Juu yake ulikuwa umetambaa mmea wa maboga uliojiotea, majani mapana ya kijani kabisa, na pembeni mnafu umefika kiunoni. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Mama mkwe alisimama akatazama mahali palipokuwa mlango wake. Kisha akaanza kuchuma, upesi upesi, kama mwizi. Na mimi nikachuma. Kapu lilipojaa, tulijaza na mapindo ya nguo zetu.

Wakati wa kurudi, karibu na barabara, tulikutana na balozi wetu wa nyumba kumi. Tulisimama. Hapakuwa na pa kuficha kapu.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba."

Alitazama majani, akatazama matope miguuni mwetu. Hata mtoto alijua mboga zile hazikutoka tambarare. Nilimwona anameza mate kabla ya kusema, nikajiandaa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "naomba majani kidogo. Nyumbani kwangu kumekauka."

Mama mkwe alimpa viganja viwili. Aliyapokea kwa mikono yote miwili, akayaweka ndani ya kofia yake, akaondoka bila kutuuliza kitu.

Tulishuka tena mara kadhaa, mpaka mgambo wakaanza kukaa kwenye ile kona ya mwamba. Mtoto nilimpeleka zahanati. Dawa ilikuwepo siku moja, siku nyingine haikuwepo, lakini kikohozi kiliisha na alibaki mbavu tupu. Kabichi ziliendelea kusimama, ngumu, zimefungua vifua. Ni tatu tu zilizofunga, kila moja kama ngumi, nazo zilifunga joto lilipokwisha kurudi, wakati hatukuzitegemea tena.

Mume wangu alirudi miezi ile ya jua. Alikuwa amekatwa na panga mguuni na kulala kambini muda mrefu, ndiyo maana hakutuma kitu. Alichungulia bustanini, akachungulia jikoni penye paa lililotoboka, akaniuliza, "Nani ameezua?" Nilisema upepo.

Tulihamia Ruhembe sote, kwenye chumba cha kambi katikati ya miwa, ambako kulikuwa na joto nililolizoea na maji ya mfereji karibu na mlango. Nilipanda mchicha nyuma ya nyumba, ukaota kwa fujo. Mama mkwe aliula. Lakini tangu aje pale mpaka alipofariki hakushika jembe, wala hakupenda kusimama karibu ninapomwagilia. Nilimwuliza mara moja tu. Aliwaza kidogo, akasema, "Sina tena maneno ya kuuambia udongo," akaomba nimsogezee mkeka juani.